Barua ya wazi kwa wanaoshika mafaili yetu: kile kisanduku nilikiacha wazi kwa makusudi

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya stahili za askari wastaafu na majeruhi wa misheni za nje,
Dodoma.

YAH: KISANDUKU CHA "KIUNGO KILICHOJERUHIWA"

Waheshimiwa,

Mbukwenyi. Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni sajenti mstaafu, mzaliwa wa Mpwapwa, sasa mkazi wa Nzuguni hapa jijini. Jina langu na namba yangu ya jeshi mnavyo. Vimo kwenye barua tatu nilizowaletea kwa mkono, ya 2020, ya 2022 na ya 2024, zote zimegongwa muhuri wa "imepokelewa", na nakala zake ninazo kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Ya kwanza niliambiwa imepanda juu. Ya pili niliambiwa mfumo hausomi. Ya tatu mpaka leo sijaambiwa kitu, na yule kijana wa masjala aliyeipokea amehamishwa. Ndiyo maana leo nawaandikia mbele ya watu. Sitataja ofisi wala afisa yeyote, maana sina ugomvi na mtu. Mwenyewe akisoma atajijua.

Nianze na fomu.

Fomu yenu ya maombi ina kurasa nne. Ukurasa wa pili, chini ya jina la kikosi na tarehe ya tukio, kuna kisanduku kimeandikwa "Kiungo kilichojeruhiwa". Nilikiacha wazi. Dada wa dirishani, mwenye adabu zake, akanirudishia karatasi.

"Baba, hapa hujajaza."

"Nijaze nini?"

"Kiungo. Mguu, mkono, jicho. Pale ulipoumia."

Nikamwambia sijakatika popote, ila tangu 2013 silali. Akaitazama fomu, akanitazama mimi, akasema kwa upole kabisa: "Sasa baba, kutolala si kiungo."

Hakukosea. Alisoma kilichoandikwa. Mwenye kosa ni aliyeitunga fomu, na nadhani alikuwa mtu anayevijua vita kwa gwaride. Kwa hiyo kabla sijafika kwenye hoja zangu, nivumilieni niwaeleze vita vilivyo kwa askari wa cheo cha chini, hasa vita vya wenyewe kwa wenyewe ambamo wewe ni mgeni umeingia kuamua ugomvi wa nyumba ya watu.

Nilikwenda Kongo na kundi la mwanzo la Brigedi ya Kujibu Mashambulizi, ile iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio namba 2098 la tarehe 28 Machi 2013. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kwenye karatasi tulikuwa 3,069, na kamanda wa brigedi alikuwa wa kwetu, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Walinda amani waliotutangulia walipewa kazi ya kulinda. Sisi tulipewa kazi ya kwenda kuwafuata waasi walipo, na wa kwanza kwenye orodha walikuwa M23, walioiteka Goma Novemba 2012. Tulijivuna, nisiwafiche. Kofia ya bluu, kombati mpya, picha za kutuma nyumbani.

Kisha tukafika Kibati, kaskazini kidogo ya Goma, na kitu cha kwanza kilichotushinda hakikuwa adui. Ilikuwa ardhi. Askari yeyote akifika mahali anachimba, na mtu wa Ugogo kuchimba udongo mkavu hafundishwi. Kule jembe haliingii. Mlima Nyiragongo ulimwaga uji wake wa moto mpaka katikati ya mji mwaka 2002, na milipuko mingine kabla ya huo ilikwishatandaza wake, ukaganda ukawa mawe meusi yenye makali ya kukata kiatu. Handaki tulilipanga kwa mawe juu ya ardhi, kama mtu anavyojenga zizi. Tatizo la zizi la namna hiyo ni kwamba kombora likianguka jirani, kila jiwe linageuka risasi. Usiku ule mlima unawaka wekundu chini ya mawingu, kama tanuri la matofali ambalo mwenyewe kalisahau.

Watu wanadhani vita ni kupiga risasi. Mimi naweza kukaa siku kumi nikapiga risasi nusu saa. Kinachobaki ni kusubiri. Unasubiri mvua ipite, nayo haipiti. Unasubiri soksi zikauke. Unasubiri zamu ya lindo iishe, unasubiri chai, unasubiri betri ya redio, unamsubiri mwenzako anayeharisha arudi kutoka nyuma ya jiwe kabla hajapigwa. Binti yangu anasomea udaktari pale UDOM, na ndiye aliyenisomea kwamba katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 mpaka 1865, kila askari watatu waliokufa, wawili waliuawa na maradhi. Nilimwambia hilo sihitaji kitabu. Malaria iliondoa watu kwenye seksheni yangu kabla M23 hawajajua tumefika.

Halafu kuna jambo la nani ni adui. M23 walikuwa askari wa serikali mpaka Aprili 2012 walipoasi. Kombati zilezile, SMG zilezile, kwata ileile. Ubavuni kwetu walikuwa askari wa jeshi la Kongo, watu ambao mshahara kwao ulikuwa habari ya kusikia, wake zao wako nyuma yao na masufuria, mtoto mgongoni, kuku kafungwa miguu. Jioni moja koplo mmoja wa Kikongo alikuwa na redio ya mkono, upande wa pili wanamtukana kwa jina. Naye anawatukana kwa majina. Nikamuuliza unamjua huyo? Akasema, "Huyu ndiye alinisimamia harusi." Akaendelea kutukana, huku anacheka, machozi yanamtoka. Sijui mpaka leo ilikuwa kicheko au kitu gani.

Sasa niseme lile lililonileta dirishani kwenu.

Ni usiku wa mwishoni mwa Agosti 2013, siku zile ambazo makombora yalikuwa yanaanguka mchana na usiku. Tarehe 28 mwezi huo afisa wetu mmoja aliuawa, na wengine wa brigedi wakajeruhiwa. Hilo lilitangazwa dunia nzima. Langu halikutangazwa. Saa nane za usiku baada ya kurushiana risasi, kulikuwa na mtu ameachwa mbele yetu, hatua kama sitini, katikati ya yale mawe. Akaanza kuita. Nilikuwa tayari kwa matusi, nilikuwa tayari kwa Kifaransa, nilikuwa tayari kwa Kinyarwanda. Akaita kwa Kiswahili.

"Yaya, nipe mayi."

Kule wanasema mayi. Yaya ni kaka au dada mkubwa. Alikuwa ananiita kaka na kuniomba maji, kwa lugha ninayoombea maji mezani kwangu. Amri ilikuwa asiende mtu, maana majeruhi hutumika kama chambo. Amri ilikuwa sahihi. Ningekuwa mimi ndiye luteni ningetoa ileile. Chupa yangu ilikuwa imejaa, iko kiunoni, nikigeuka nasikia yanavyocheza ndani. Aliita mpaka kwenye saa kumi na moja, sauti ikawa inapungua, akawa anasema "yaya" peke yake.

Kulipopambazuka tukaenda. Alikuwa mtoto. Kadogo, kama wenyewe wanavyowaita tangu enzi za kina Kabila walipotembea mpaka Kinshasa 1997. Miaka kumi na tano, au sita kwa kumkadiria. Mfukoni alikuwa na kipande cha sabuni na betri mbili za tochi.

Basi, ndilo tukio. Kwenye fomu yenu "tarehe ya tukio" ninayo. Ni kiungo ndicho sina.

Hapa Nzuguni maji yana zamu, mnajua. Bomba likikauka, vijana wanapita alfajiri na matoroli ya madumu, wanaita "Maji! Maji haya!" Mwaka juzi mmoja alipita saa kumi na moja kasoro, akasimama dirishani kwangu akaita. Mke wangu anasema nilitoka bila shati. Nilijikuta nimemkaba yule kijana ukutani, naye ananiambia, "Mzee, mzee, ni mimi." Nilimwomba radhi, nikalipia madumu yote sita. Tangu siku hiyo hapiti mtaa wetu, na wenzake amewaambia. Mke wangu anafuata maji mtaa wa tatu.

Baada ya hayo, hoja zangu ni hizi.

1. Fomu haitambui jeraha lisilo na kovu.

Waheshimiwa, hili si jambo jipya lililoletwa na simu za kisasa. Binti yangu amenitafutia. Mwaka 1871 daktari wa Kimarekani, Jacob Da Costa, alichapisha uchunguzi wa askari 300 wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, watu wenye mapigo ya moyo yanayokimbia, pumzi fupi na usingizi wa mang'amung'amu, ilhali kwenye moyo wenyewe haonekani ugonjwa. Watu wakayaita maradhi hayo moyo wa askari. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, wakayapa jina jingine, na wengine wakapigwa risasi kwa kuitwa waoga. Mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoyaandika rasmi kwenye mwongozo wao kuwa ni ugonjwa wenye dalili zake, kiwewe kinachobaki baada ya tukio. Hata tukihesabu kutoka hapo, ni miaka zaidi ya arobaini. Fomu yenu ilipigwa chapa juzi.

Na msiniambie nikaonwe hospitali kisha nilete cheti, kana kwamba sijalifikiria. Tuko Dodoma. Hospitali ya taifa ya afya ya akili iko hapahapa, Mirembe, na sina neno baya kwa madaktari wake. Lakini nyote mnajua neno "Mirembe" likitamkwa kwenye daladala watu wanacheka. Mtoto akifanya utundu anaambiwa tutakupeleka Mirembe. Afisa mmoja kwenye ofisi yenu, nilipomweleza, aliniambia kwa kunihurumia: "Mzee, una mabinti wa kuolewa, unataka waambiwe baba yao ni wa Mirembe?" Nimefika getini pale mara mbili. Mara ya kwanza nilipitiliza kama naenda kwingine. Mara ya pili nikamkuta mlinzi ni mtu niliyemfundisha kwata, akanipigia saluti, nikamwambia nimekuja kumwona mgonjwa. Nikageuka.

Kwa hiyo mnataka cheti, na njia ya kukipata mmeiacha ipite mahali ambapo askari hataki kuonekana. Mkiniuliza mimi, huo ni mlango uliochorwa ukutani.

2. Namna tunavyorudishwa nyumbani.

Mimi nilitoka kwenye yale mawe na ndani ya wiki moja nilikuwa Mpwapwa nimekaa mkekani, shangazi zangu wanapiga vigelegele. Walinipima shinikizo la damu, malaria na mengine. Hakuna aliyeniuliza unalala? Wala mke wangu hakuna aliyemwambia jambo, kwamba mumeo akirudi usimwamshe kwa kumgusa, mwite kwa mbali kwanza. Alijifunza hilo kwa kupigwa kiwiko mdomoni. Nalisema kwa ruhusa yake.

3. Familia kupata habari kwa simu ya jirani.

Hili si langu, ni la wajane na wazazi ninaowafahamu, na wameniomba nisiwataje. Picha inafika kwenye kundi la WhatsApp asubuhi. Mtu rasmi anafika siku ya pili au ya tatu. Mama mmoja alimtambua mwanawe kwa soksi, maana ndiye aliyezifuma. Najua vita havina ratiba na mtandao una mbio. Lakini kama picha inaweza kutoka msituni Kongo ikafika Chang'ombe ndani ya saa mbili, simu ya afisa nayo inaweza.

4. Askari wa chini haulizwi kilichotokea.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wanadhani nalilia hela tu.

Tarehe 7 Desemba 2017, jioni, kambi ya vijana wetu pale Semuliki, wilaya ya Beni, ilishambuliwa na waasi wa ADF. Watanzania 15 waliuawa, na majeruhi walikuwa zaidi ya 40. Katibu Mkuu Antonio Guterres alisema ni shambulizi baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Umoja wa Mataifa ukaunda timu ya uchunguzi, na mwanzoni mwa 2018 ikatoa matokeo bila kumung'unya maneno: hapakuwa na mpango wa dharura unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu wale vijana au kuwatoa, palikuwa na kasoro za uongozi na amri, ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia vilipungua, na mafunzo nayo yalikuwa na mapengo. Hata waliokwenda kuwaokoa walivamiwa njiani.

Nawapongeza walioyasema hayo waziwazi. Ila mimi nikisoma najiuliza: koplo aliyekuwa lindo jioni ile, akasikia kitu kichakani kabla ya risasi ya kwanza, ameulizwa na nani hapa nyumbani? Nilipotoka mimi 2014 nilikuwa na daftari. Nimeandika humo jinsi ya kupanga mawe pasipochimbika ili yasiruke, umbali wa kuweka maji na lindo, majina ya vijiji kama wenyeji wanavyoyatamka maana ramani inayaandika vingine na mtu anaelekezwa kusiko. Vitu vidogo vya askari mdogo. Nilitaka kulikabidhi. Kwenu nikaambiwa hakuna sehemu ya kulipokelea. Lipo, lina ukungu sasa.

Mwanzoni mwa 2025 nilikuwa kinyozi, Majengo, runinga iko juu ya kioo. Wakatangaza Goma imechukuliwa tena na M23. Wakataja na askari wetu wawili waliopoteza maisha katika mapigano ya siku zile, wakiwa na kikosi cha SADC. Nikaiona barabara ninayoijua, wale vijana wa chukudu, baiskeli zao za mbao, wanakimbia na magodoro. Kinyozi akaniambia mzee tulia, nitakukata. Nilikuwa nawaza wale vijana wetu wamepanga mawe namna gani.

5. Masikio.

Wengi tuliokaa karibu na mizinga tunasikia mlio usiozimika. Kipimo ni cha nusu saa. Sina la kuongeza.

Sasa naona mnaandaa majibu, kwa hiyo niyajibu kabla hayajaja, tuokoane muda.

Mtasema hilo ni suala la Umoja wa Mataifa. Waheshimiwa, Umoja wa Mataifa hauajiri koplo. Unazirejeshea gharama nchi zinazotoa askari, na nchi ndiyo inayomlipa na kumtunza mtu wake. Fidia ya kifo au ulemavu ipo, lakini dai lake linapitia serikalini. Askari hawezi kupanda ndege kwenda New York na bahasha ya kaki.

Mtasema mlilipwa posho. Tulilipwa. Mimi nilijenga vyumba vitatu na nikasomesha. Nashukuru. Lakini fundi aliyeanguka kwenye jengo lako hapo Mtumba huwezi kumwambia atulie na mguu wake kwa kuwa ujira wa siku ulishampa.

Mtasema ni siri za jeshi. Katika barua hii hakuna silaha, idadi ya kikosi wala mpango ambao Umoja wa Mataifa wenyewe haujautangaza. Usingizi wangu si siri ya taifa.

Mtasema, na hili nimelisikia kwa masikio yangu haya mabovu, kwamba wazee wa vita vya Kagera hawakulalamika. Baba yangu mdogo alikwenda Uganda 1979. Alirudi mzima, viungo vyote. Kila usiku saa tatu alichukua rungu akazunguka zizi mara saba, mvua iwepo isiwepo, na hatukuwa na ng'ombe tena tangu njaa ile. Watoto tulimwita Mzee Lindo, tukicheka. Alizunguka mpaka alipofariki 2006. Kama huko ndiko kutolalamika, basi sawa.

Bajeti sitaijibu. Kubadilisha kisanduku kimoja kwenye fomu ni wino.

Ninachoomba:

Fomu iandikwe "jeraha la mwili au la akili", na pembeni pawe na nafasi ya maelezo, mistari mitano inatosha. Dada wa dirishani asilazimike kumwambia mtu mzima kwamba usingizi si kiungo.

Wataalamu wa ushauri nasaha wakae kwenye kliniki ya kawaida, siku mbili kwa wiki, mlango uleule wa wagonjwa wa shinikizo la damu, ili mtu akionekana pale aonekane ana presha. Wawepo na wa kuzungumza na wake zetu. Mikoani pia, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa kuna wenzangu ambao nauli tu ya kuja mjini ni mjadala wa nyumba nzima.

Anayerudi misheni asiende moja kwa moja kwenye vigelegele. Apewe wiki mbili za kukaa na wenzake aliokuwa nao, azungumze, alale, aonwe na daktari, kisha aende.

Familia ipigiwe simu na binadamu, mwenye cheo na jina, kabla ya tangazo lolote.

Na mtenge siku ya kuwasikiliza askari wa chini, kuanzia praiveti mpaka sajenti, bila maafisa wao kuwepo chumbani. Nitakuja na daftari langu. Nitalianika kwanza.

Barua zangu tatu nazo zijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Hata likiwa "hapana", niandikieni "hapana" yenye saini. Tarehe 25 Julai mwaka 2016, Siku ya Mashujaa, ndiyo siku lilipotolewa hapa Dodoma tangazo la serikali kuhamia kwetu, na nilikuwepo uwanjani nimevaa medali zangu. Nilishangilia kuliko wengi, kwa hesabu yangu rahisi kwamba sasa ofisi zitakuwa karibu, nitafika kwa mguu. Zimekuja kweli. Kutoka kwangu mpaka dirishani kwenu ni daladala moja. Nimeipanda mara kumi na nne.

Naomba kuwasilisha.

Sajenti mstaafu,
Nzuguni, Dodoma.

Nakala:
Dada wa dirishani, kwa taarifa. Fomu mpya ikija nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.
Kijana wa maji. Pita tu mtaani kwetu. Usiite, gonga dumu, mke wangu atatoka.